Sijamaliza Kusoma

Hafiz Gelle alikuwa mtu wa kompyuta katika kampuni ya Kilele Mazao mjini Nakuru, na wengi walimpenda. Kampuni hiyo hununua viazi Kuresoi na mboga Longonot, huvileta Nakuru kwenye ghala kubwa la baridi, kisha huvisambaza kwa mahoteli na maduka. Yeye hakushika kiazi hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba watu wa sehemu hizo tatu wanaelewana bila kupigiana simu kutwa.

Kampuni ilipoingiza programu mpya, ile yenye barua pepe, meseji, kalenda na mafaili ya pamoja mahali pamoja, watu walinung'unika. Hafiz akaanza kuwaandikia kila Jumanne ujumbe mfupi aliouita Dokezo. Usiwajibu watu wote neno "sawa" wakati aliyekuuliza ni mmoja. Usimwandikie mtu "niaje" kisha ukanyamaza ukingoja aitikie. Mwambie shida yako papo hapo. Ukiandika barua kwa hasira, usiweke jina la mpokeaji mpaka hasira ipoe. Watu waliyapenda madokezo hayo. Madam Truphosa, meneja mkuu, alichapisha moja akalibandika jikoni, juu ya birika la chai, na Hafiz kila alipokwenda kujimiminia chai alijifanya halioni.

Aliyempa kazi nyingi kuliko wote alikuwa Makokha, msimamizi wa stoo ya Kuresoi. Makokha alikuwa mtu wa makamo anayeelekea uzeeni, mtoto wa fundi wa reli aliyetoka magharibi zamani akazalia watoto wake wote Nakuru. Stoo ile ya Kuresoi aliianza yeye, ikiwa bado ni mabati manne na turubai. Wakulima walimjua kwa jina na kwa sauti, maana alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Lakini mbele ya kompyuta sauti ile ilinywea.

"Boss, nimefinya imepotea," alizoea kupiga simu kusema.

"Umefinya wapi, mzee?"

"Sijui. Mahali palikuwa na kitu, sasa hakuna."

Hafiz alimwelekeza polepole, hatua kwa hatua, na simu ikikatika alimgeukia aliye karibu na kutikisa kichwa.

Siku moja waliotengeneza ile programu waliziandikia kampuni zote zinazoitumia. Walitaka kujua watumiaji wanatamani nini kiongezwe. Hafiz akawaomba wafanyakazi wamtumie maombi yao, na maombi yakaja. Jepkorir wa Longonot alitaka kitufe cha kuzima meseji zote siku ya Jumapili, hata za bosi. Quincy wa uhasibu, rafiki mkubwa wa Hafiz, alitaka programu ikatae kutuma barua inayosema "nimeambatisha faili" wakati hakuna faili. Mwingine alitaka kujua nani amesoma ujumbe wake akanyamaza makusudi.

Makokha hakuandika. Alipiga simu.

"Boss, mimi ombi langu nakuambia kwa mdomo."

"Sema, mzee."

"Hiyo kitu isome yenyewe. Meseji ikiingia nafinya mahali, inanisomea kwa sauti. Na herufi ziwe kubwa. Kubwa kabisa."

Hafiz alicheka. "Kwani unataka redio?"

Makokha hakucheka. Kwa muda Hafiz alisikia tu kelele za stoo, magunia yakitupwa sakafuni na mtu akipiga mluzi.

"Ni macho," Makokha alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Niko na sukari, na imeyashika. Hili la kushoto ni ukungu mtupu. La kulia daktari anasema tuliangalie. Sijaambia mtu hapa kazini. Hata bibi yangu nimemwambia nusu. Nakuambia wewe kwa sababu ni wewe utanisaidia. Isitoke hapo, tafadhali."

"Haitoki, mzee. Ikishafika kwangu, imeisha."

Wakati anasema hivyo alimaanisha. Lakini simu ilipokatika, Hafiz aliona meseji ya Quincy inangoja kwenye skrini. Wawili hao walikaa vyumba viwili tofauti na walizoea kurushiana mizaha mchana kutwa ili siku isogee. Quincy alikuwa ameuliza mbona ananyamaza. Hafiz akamjibu kwa mistari michache juu ya Makokha. Quincy akacheka. Hafiz, kama ilivyo kwa mtu aliyechekewa, akaongeza mingine. Kisha chakula cha mchana kikafika na habari yenyewe ikasahaulika.

Alipokusanya maombi ya wafanyakazi ayatume kwa wenye programu, la Makokha hakulitia. Alijiambia kwamba anamtunzia siri. Kusema kweli, aliliona ni ombi la kitoto na aliona haya kulipeleka kwa watu wanaojua kazi yao.

*

Mkutano mkubwa wa kampuni ulifanyika ofisi kuu, Nakuru, na wasimamizi wa stoo walishuka kuhudhuria. Wa Longonot tu ndio waliobaki kwao, kwa sababu siku hiyo walikuwa wanapakia lori la kabichi. Baada ya habari za bei na za barabara, Madam Truphosa alimwita Hafiz mbele.

"Hafiz atuonyeshe jinsi ya kutafuta barua za zamani," alisema. "Mimi kila siku natafuta kitu nilichoandikiwa juzi na sikipati. Nafikiri si mimi peke yangu."

Hafiz akaunganisha laptopu yake na projekta. Ukuta mzima ukajaa skrini yake. Alikuwa amevaa shati jipya. Alipenda nafasi kama hizi, na alizifanya vizuri.

"Ni rahisi kuliko mnavyodhani," alianza. "Huhitaji kukumbuka tarehe wala kichwa cha barua. Hapa juu unaandika neno moja tu, au jina la mtu. Programu inakuletea kila kitu chenye jina hilo: barua, meseji, mafaili, vyote. Nipeni jina lolote."

"Andika Makokha!" mtu alisema kutoka nyuma. "Huyo ndiye anatuma nyingi."

Watu wakacheka. Makokha naye akacheka, tena kwa sauti kubwa. Alikuwa ameketi safu ya kwanza kabisa, kiti cha katikati, na wachache walijiuliza kwa nini mzee huyo siku hizi hupenda kukaa mbele kama mtoto wa darasa la kwanza.

Hafiz akaandika Makokha, akabonyeza.

Programu hiyo huweka juu kile inachodhani unakitaka zaidi. Juu kabisa hapakuwa na barua ya Makokha. Palikuwa na meseji za Hafiz na Quincy, zimefunguka zote, kwa herufi zenye ukubwa wa kiganja ukutani.

*Makokha amepiga tena. Leo anataka kompyuta imsomee kama mtoto wa nasari.*

*Haha. Si umnunulie miwani.*

*Miwani haisaidii. Sukari imekula jicho la kushoto na la kulia liko njiani. Ati nisiambie mtu.*

*Na ndiye anatuhesabia viazi!*

*Sasa unajua magunia ya Kuresoi hupotelea wapi. Hayaoni.*

Karibu wote walikuwa wamemaliza kusoma kwa pumzi moja. Mtu mmoja alianza kucheka, akajizuia, na kile kicheko kilichokatwa kilisikika vibaya zaidi kuliko kama kingeachwa. Quincy, aliyekuwa karibu na dirisha, aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu.

Hafiz alitafuta alama ya kufunga ukurasa asiione. Alama ilikuwa palepale ilipo siku zote, naye amewaonyesha watu mara nyingi. Mwishowe akashika waya wa projekta ili auchomoe.

"Wacha," Makokha alisema.

Hafiz akamtazama. Makokha alikuwa amesogea mbele kwenye kiti, shingo ameinyoosha, kichwa amekigeuza kidogo ili jicho la kulia lielekee ukutani. Midomo yake ilikuwa ikienda.

"Sijamaliza kusoma," alisema.

Basi Hafiz akauacha waya. Akasimama kando ya skrini, na watu wote wakangoja pamoja naye huku Makokha akisoma. Alisoma neno kwa neno. Alipofika kwenye sukari midomo ilisimama, ikaendelea. Alipofika mwisho alirudi mstari mmoja juu, kama mtu anayehakikisha hesabu, kisha akaegemea kiti.

"Sasa toa," alisema.

Hafiz akachomoa waya. Ukuta ukawa mweupe.

Madam Truphosa alisema watu waende wakanywe chai. Viti vilikwaruza sakafu, watu wakatoka bila kuzungumza, na kila aliyempita Makokha alimgusa bega au akaangalia chini. Makokha mwenyewe aliokota kofia yake, akapita mbele ya Hafiz karibu kabisa. Hakwenda jikoni. Walimwona akishuka ngazi, mkono mmoja ukutani, akihesabu vidato kwa mguu. Sasa kwa kuwa walijua, wote waliona jinsi anavyoshuka.

*

Mtu mwenye haya hutafuta la kufanya haraka, na la haraka mara nyingi ndilo baya. Alasiri ile ile Hafiz alikaa akaandika barua ya kuomba radhi. Aliiandika vizuri, maana kuandika alijua. Alisema amemkosea Mzee Makokha, amevunja ahadi na kutangaza habari za afya ya mtu, na anajuta. Akaituma kwa kampuni nzima.

Baada ya muda mfupi Jepkorir akamwandikia kutoka Longonot: *Pole Hafiz. Kwani kulitokea nini? Makokha anaumwa nini?*

Wa Longonot hawakuwepo mkutanoni. Madereva hawakuwepo, wala walinzi, wala akina mama wanaochambua mboga ghalani. Sasa wote walikuwa wameambiwa, na aliyewaambia ni yeye, kwa mara ya pili.

Akakimbilia kitufe cha kuirudisha barua. Programu ilifanya kama inavyofanya siku zote. Ilimpelekea kila mtu taarifa kwamba Hafiz Gelle amejaribu kuondoa ujumbe wake. Hata wale ambao kwa kawaida hawafungui barua za ofisi walienda wakaifungua hiyo. Mwenyewe aliwahi kuandika Dokezo juu ya jambo hili: *Usijaribu kurudisha barua iliyokwisha kusomwa. Ni kama kupiga kelele kwamba usiangaliwe.*

Jioni alipofika nyumbani, mtaa wa Bondeni, mama yake, Bi Kuluthum, alimkuta kwenye kochi amevua kiatu kimoja tu. Mama huyo alikuwa ameuza nguo sokoni miaka mingi na alijua sura ya mtu aliyeharibu jambo. Akamngoja aseme. Hafiz akasimulia yote, mpaka barua ya radhi.

"Huyo mtu ulimkosea wapi?" Bi Kuluthum aliuliza.

"Mbele ya watu, mama."

"Na siri yake ilitokea wapi?"

"Kwangu."

"Sasa radhi umeiomba kwa nani?"

Hafiz akavua kiatu cha pili.

"Umewaomba radhi watu mia ambao hujawakosea," mama alisema, "na yeye mwenyewe hujamwambia hata neno. Hiyo si radhi, mwanangu. Hiyo ni wewe kutaka uonekane mzuri." Alipoona macho ya Hafiz yameanza kujaa maji hakumbembeleza. Alimsukumia sahani. "Kula. Kisha utafute njia ya kwenda Kuresoi."

*

Alikwenda Jumamosi. Kuresoi kulikuwa na baridi na ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya viazi. Alimkuta Makokha nje ya stoo, amesimama kando ya mizani, na mfanyakazi wake mmoja, Zeddy, akimtajia uzito wa kila gunia kwa sauti. Makokha alimtambua Hafiz alipokaribia kabisa, na uso wake ukakunjamana.

"Zeddy, enda ukunywe chai," alisema. Zeddy akaondoka, akimkata Hafiz jicho.

"Mzee, nimekuja..."

"Naona umekuja."

Hafiz alikuwa amejiandalia maneno tangu Nakuru, na yote yakamtoka kichwani. "Nimekukosea," alisema. "Uliniamini nikakufanya mzaha. Sina la kujitetea."

Makokha alitia mkono kwenye gunia lililokuwa wazi, akatoa kiazi, akakifuta udongo kwa kidole gumba. Alikifuta muda mrefu.

"Unajua kitu gani inaniuma?" alisema. "Si hiyo ya nasari. Mtu akinicheka nacheka na yeye. Nimechekwa sana, mimi ni mtu wa stoo. Hata macho, wacha ijulikane, ingejulikana siku moja nikianguka hapa. Lakini ile ya magunia. Uliitoa wapi?"

"Niliitunga."

"Niambie vizuri. Kuna mtu alikuambia magunia inapotea kwangu?"

"Hakuna. Sijawahi kusikia hata gunia moja limepotea hapa. Niliandika tu ili Quincy acheke."

Makokha akatikisa kichwa polepole. "Basi jana wametuma Wanyonyi kutoka ofisi kuu. Amekuja kunihesabia. Amefungua stoo yangu akahesabu kila kitu mara mbili, na wakulima wamepanga laini hapo nje wakiangalia. Watu nimewanunulia viazi tangu watoto wao wako mgongoni. Wananiangalia nikihesabiwa kama mwizi. Na hajapata kitu, kwa sababu hakuna kitu. Lakini wakulima hawatakumbuka hiyo. Watakumbuka tu kwamba Makokha alihesabiwa."

Hafiz alihisi uso unawaka pamoja na baridi ile.

"Na Jumatatu wanakaa kuamua kama nitatolewa stoo nipelekwe getini," Makokha aliendelea. "Nikae kwa kiti, nifungulie malori."

"Mzee, nisamehe."

"Usiniombe hiyo hapa mbele ya viazi. Viazi haikunisema." Akakirudisha kile kiazi kwenye gunia. "Enda uwaambie wale uliowaambia. Kwa mdomo, uso kwa uso, vile mimi nilikuambia. Halafu tutaona."

Akampa mgongo, akamwita Zeddy arudi.

*

Jumapili Hafiz alifungua ile programu akaanza kuipekua, na safari hii hakuwa anatafuta la kuwaonyesha watu. Aliingia kwenye mipangilio ambayo hakuwahi kuigusa, kurasa ambazo sikuzote alizipita kwa haraka kwa sababu hazikumhusu. Huko ndani, chini ya mambo mengine, akapata sehemu ya wenye shida ya kuona. Herufi zingeweza kukuzwa mpaka maneno matano yajaze skrini. Rangi zingeweza kugeuzwa. Na palikuwa na kitufe cha kusoma kwa sauti.

Kilikuwepo tangu siku ya kwanza. Ombi la Makokha halikuhitaji kupelekwa kwa mtu yeyote. Lilihitaji tu mtu wa kompyuta ainuke kwenye kiti chake aangalie. Hafiz alikibonyeza, na sauti ya mwanamke ikaanza kumsomea Dokezo lake mwenyewe la Jumanne iliyopita, lile la kuheshimu muda wa wenzako. Akaizima.

Jumatatu asubuhi aliomba kuingia kwenye kikao. Madam Truphosa alikuwa na wakuu wa idara, na Wanyonyi aliyehesabu stoo alikuwepo. Quincy pia alikuwepo, kwa niaba ya uhasibu. Makokha alikuwa ameitwa kutoka Kuresoi na alikaa mwisho wa meza, kofia magotini.

"Sema kwa kifupi," Madam Truphosa alisema.

Hafiz alisimama. Hakuleta karatasi. "Habari ya magunia kupotea Kuresoi niliitunga mimi," alisema. "Hakuna aliyeniambia. Sikuiona popote. Nilisema uongo juu ya kazi ya mtu ili rafiki yangu acheke."

"Ulitunga," Madam Truphosa alirudia.

"Ndiyo, madam."

"Nimemtuma mtu akague stoo ya mfanyakazi wa miaka yote hiyo kwa sababu ya mzaha wako."

"Ndiyo. Na kuna lingine. Mzee Makokha aliniomba msaada kabla haya yote hayajatokea. Aliomba programu imsomee. Sikulishughulikia ombi lake. Nilimcheka, nikaliacha. Jana ndipo nimejua kwamba msaada huo upo, ulikuwepo siku zote. Kama ningefanya kazi yangu, leo msingekuwa mnajadili kumtoa stoo."

Hafiz alitamani Quincy aseme neno, hata moja. Quincy alikuwa anachora vijisanduku pembeni ya daftari lake. Baadaye, kwenye ngazi, alimwambia Hafiz, "Lakini bro, mimi niliandika haha tu," na urafiki wao ukaishia hapo, bila ugomvi, kama taa inayoisha chaji.

Madam Truphosa alimgeukia Wanyonyi. "Hesabu ya stoo?"

"Iko sawa," Wanyonyi alisema. "Hata ni safi kuliko ya hapa kwetu."

"Mzee Makokha, wewe unasema nini?"

Makokha aliinuka, ingawa hakuna aliyemwambia ainuke. "Mimi sikatai kwamba sioni vizuri," alisema. "Ningewaambia mwenyewe. Nilikuwa natafuta siku. Siku yangu nimenyang'anywa. Lakini mizani inasomwa na Zeddy na mimi naandika, na wakulima wanajua. Nikiona siwezi, nitarudisha funguo mwenyewe. Sitangoja mtu anisukume getini."

Waliafikiana kwamba abaki stoo. Zeddy angeendelea kusoma mizani, sasa rasmi na kwa cheo chake, na Makokha angepewa ruhusa ya kwenda kliniki ya macho Nakuru kila anapohitajika. Hafiz alipewa onyo la maandishi. Alitia sahihi pale pale. Aliona ni dogo.

Wiki hiyo alipanda tena Kuresoi na kumtengenezea Makokha kompyuta yake: herufi kubwa, rangi, sauti. Makokha alijibu kila swali kwa "ndiyo" na "hapana". Sauti ya mwanamke ilipomsomea barua ya kwanza alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Inaongea haraka." Hafiz akaipunguza. Hawakuzungumza zaidi ya hapo.

Ofisini mambo yalirudi kuwa kama ya kawaida, lakini si kwa Hafiz. Watu walimsalimia. Walimletea kompyuta zao zilizokwama. Ila walipokuwa wanazungumza jikoni naye akaingia, mazungumzo yaligeukia mvua. Msichana wa mapokezi alipopata ujauzito, Hafiz ndiye aliyejua wa mwisho. Hakuna aliyemwambia siri tena, hata ndogo, na hakuona kwamba ana haki ya kulalamika. Madokezo ya Jumanne aliyaacha. Madam Truphosa alimuuliza mara moja kwa nini, naye akasema hana jipya.

*

Miezi ikapita. Siku moja, saa ya chakula, Hafiz alikuwa amebaki peke yake ofisini aliposikia mtu anapanda ngazi polepole. Alikuwa Makokha. Alitoka kliniki, ambako walikuwa wamemtia dawa ya kupanua mboni ili walipige jicho la kulia mwale wa leza, na lile la kushoto lilifunikwa na pamba. Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Nani yuko hapa?" aliuliza.

"Ni Hafiz, mzee. Wengine wameenda kula."

Makokha hakuingia. Alikuwa na simu yake mkononi, ile ndogo ya kubonyeza, isiyo na sauti ya mwanamke wala herufi kubwa. "Kuna meseji imeingia nikiwa kliniki," alisema. "Nafikiri ni ya nyumbani. Nilitaka msichana wa mapokezi anisomee."

"Ametoka. Atarudi baada ya saa nzima hivi."

Makokha akaigeuza simu mkononi, mara moja, mara mbili. Hafiz hakunyoosha mkono. Hakutaka kuiomba. Alikaa vile vile, akimtazama mzee anavyofikiri, na aibu ya siku ile ya mkutano ikampanda upya, mbichi kabisa.

Kisha Makokha akatembea hadi kwenye meza, akigusa viti njiani, akaiweka simu juu ya meza.

"Soma," alisema.

Hafiz akaifungua. Ilitoka kwa Nakhumicha, mke wake. Akaisoma kwa sauti ya chini, bila kuharakisha. Nakhumicha alisema sasa anajua habari yote ya macho, kwamba Zeddy amemwambia, na kwamba amekasirika kuachwa nje ya jambo kama hilo na mume wake mwenyewe. Alisema amekaa stendi Molo, anakuja Nakuru, asiondoke hospitali kabla hajafika. Mwishoni alikuwa ameandika kwa Kibukusu, lugha ya kwao, maneno mawili ambayo Hafiz hakuyaelewa, na aliyatamka vibaya.

Makokha alicheka kidogo kwa jinsi alivyoyatamka. Kisha uso ukatulia.

"Nimjibu, mzee?" Hafiz aliuliza.

"Jibu. Andika vile nasema. Usiongeze kitu."

"Siongezi."

"Mwambie niko ofisini, si hospitali. Mwambie nilikuwa naogopa. Andika hivyo, naogopa." Akaigusa pamba ya jicho la kushoto. "Mwambie aje, nitamngoja chini."

Hafiz akaandika. Akamsomea tena yote, neno kwa neno, kisha akatuma. Makokha akaichukua simu, akaitia mfukoni mwa koti, akasimama.

"Haya," alisema.

Hafiz alimfuata hadi kwenye ngazi, lakini Makokha alisema ataweza, akashika ukuta, akaanza kushuka.